Alama za SAT zikigota: tafuta zinapovujia

Mwanafunzi wa SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, aliyeanza na 1050, akapanda hadi 1250, kisha akakaa hapohapo jaribio baada ya jaribio, mara nyingi si mvivu. Wengi ninaowaandaa hapa Dar es Salaam wakifika hapo huzidisha msuli. Wanakesha, kila Jumamosi wanafanya jaribio zima, wanatazama alama, wanavunjika moyo, wanarudia. Ninawaelewa, maana kupitia mitihani ya miaka ya nyuma ndiko kulikowavusha kidato cha nne na cha sita. Lakini kazi ya jaribio zima ni kupima. Halifundishi. Na majaribio rasmi yaliyomo kwenye Bluebook, programu ambamo SAT yenyewe hufanyiwa, ni machache. Ukiyamaliza kwa pupa kisha ukayarudia, kinachopanda ni kumbukumbu yako ya majibu.

Jambo hili si dogo. Miongoni mwa vyuo vya Marekani, MIT ilirudisha sharti la mtihani mwaka 2022, na mwaka 2024 Dartmouth na Harvard nazo zikatangaza kulirudisha. Vyuo hivyo vitatu vinampokea mwanafunzi wa nje bila kuangalia kama familia yake ina uwezo wa kulipa, kisha vinampa msaada kulingana na hali yake. Kwa mtoto wa mwalimu wa Singida au wa mvuvi wa Pemba, huo ni mlango wa kweli.

Kwanza hakikisha kwamba kweli umekwama. SAT huanzia 400 hadi 1600, na College Board, wenye mtihani huu, huambatanisha alama yako na masafa ya takriban alama 40 juu na chini. Aliyepata 1250, kisha 1230, kisha 1260, hajashuka wala hajapanda. Asibadilishe mpango wake kwa sababu ya tofauti hiyo.

Kama umekwama kweli, jaribio lako lijalo lifanye kwa namna nyingine. Weka karatasi pembeni na uandike namba ya kila swali unalojibu kwa wasiwasi, hata kama unadhani umepata. Ukimaliza, usifungue matokeo. Mimi huwazuilia wanafunzi wangu matokeo hadi kesho yake, na kabla ya kuwapa, nawarudishia maswali yale ya wasiwasi wayafanye upya bila saa. Hapo ndipo ugonjwa unapojitaja. Ukikosa tena ukiwa na muda wote duniani, hiyo mada huijui, na dawa yake ni kusoma. Ukipata karibu yote, unajua. Unachopoteza unakipotezea kwenye mwendo na usomaji, na kusoma mada zaidi hakutakusogeza hata kidogo. Nimeona wengi wakitumia miezi kutibu la kwanza huku wanaumwa la pili.

Halafu kuna daftari la makosa. Kila kosa liandikiwe sababu yake kwa sentensi moja inayotaja kitendo: "niliacha kusoma neno la mwisho la swali", "nilidhani kipeo ni 2". Neno "uzembe" silikubali kwenye daftari hilo, kwa sababu halimwambii mtu afanye nini kesho. Chukua swali hili: ikiwa 3x + 6 = 21, x + 2 ni ngapi? Mwanafunzi anatafuta x, anapata 5, na 5 ipo kwenye majibu inamsubiri. Jibu ni 7. Anajua algebra vizuri sana, ila hakurudi kusoma kilichoulizwa. Ukikuta kosa la aina hiyo mara nne kwenye daftari, umepata alama zako zilikojificha.

Na makosa hayo ya maswali mepesi na ya kati yana gharama kubwa kuliko yanavyoonekana. SAT ya sasa, iliyoanza kwetu sisi wa nje ya Marekani mwezi Machi 2023, ina sehemu mbili, hesabu na kusoma na kuandika, na kila sehemu ina moduli mbili, yaani vipande viwili vya maswali vinavyofuatana. Ukifanya vizuri moduli ya kwanza unapelekwa kwenye ya pili iliyo ngumu. Ukiteleza unapewa nyepesi, na hiyo nyepesi haiwezi kukufikisha alama za juu kabisa hata ukijibu yote. Kwa hiyo anayekwama kwenye 600 na kitu katika sehemu moja, halafu anajifungia na maswali magumu kupindukia, mara nyingi anachimba mahali pasipo na maji. Moduli ya kwanza ndiyo inayomfungia.

Kwenye hesabu, wanafunzi wa Tanzania wana jambo lao. Karatasi ya hisabati ya kidato cha nne hufanywa bila kikokotoo, na hatua zina alama. Ni malezi mazuri, nayaheshimu. Ila SAT haisomi hatua. Inaona jibu tu, na katika kila moduli una dakika 35 kwa maswali 22. Ndani ya Bluebook kuna kikokotoo cha grafu cha Desmos, na wengi hawakigusi, kana kwamba kukitumia ni kuiba mtihani. Ukiulizwa mstari y = 2x + 3 unakatana wapi na y = x² − 5x + 9, andika milinganyo yote miwili, bofya makutano, usome (1, 5) na (6, 15). Nusu dakika. Lakini ukipewa 2x² − 8x + k = 0 na kuambiwa ina jibu moja tu, anayejua kwamba b² − 4ac lazima iwe sifuri anaandika k = 8 kabla mwenzake hajamaliza kuchora. Fanya mazoezi ya kuamua kipi kwa kalamu na kipi kwa grafu.

Kwenye kusoma na kuandika, kila moduli ina maswali 27 kwa dakika 32, na yamepangwa kwa makundi: msamiati na muundo wa maandishi mwanzoni, kisha ufahamu, kisha kanuni za sarufi, mwisho viunganishi na uunganishaji wa hoja. Anayezama kwenye kifungu kigumu cha ushairi mapema huyafikia ya sarufi akihema, na hayo ndiyo yenye kanuni chache zinazofundishika. Ninawashauri waliokwama waanzie kwenye sarufi, kisha warudi mwanzo. Ndani ya moduli unaruhusiwa kurudi nyuma. Kanuni ya kwanza kuishika ni mkato. Sisi tumezoea "alifika, akakaa, akala", na mkato unabeba yote. Kiingereza hakiruhusu sentensi mbili kamili ziunganishwe kwa mkato peke yake, na SAT inalipenda swali hilo. Kwa viunganishi, funika majibu kwa mkono, useme mwenyewe kama sentensi ya pili inapinga, inatoa mfano au inaleta matokeo. Ukisoma majibu kwanza, yote yataonekana yanafaa.

Baada ya hapo, kaa wiki mbili au tatu bila jaribio zima. Benki ya maswali ya College Board ni ya bure, unachuja kwa mada na ugumu, na unaweza kuondoa maswali yaliyomo kwenye majaribio ya Bluebook ili usiyaharibu. Chukua mada mbili tu, zile daftari lilizozitaja. Siku ya mtihani usiache swali wazi, kwani kukosea hakupunguzi alama.

Na ikiwa sehemu moja imesogea na nyingine imegoma, usikate tamaa na mpango mzima. Vyuo vingi vya Marekani huchukua alama yako bora ya kila sehemu kutoka tarehe tofauti na kuzijumlisha. Soma ukurasa wa udahili wa chuo unachokitaka. Kama kinafanya hivyo, na hesabu yako imeshafika, miezi iliyobaki itumie yote kwenye kusoma na kuandika.