Je, wajua kwa nini jedwali la elementi lina umbo lile? Liganga, Panda Hill na Ngualla zinaeleza

Tazama jedwali la elementi bila kusoma herufi zake, uangalie umbo tu. Kushoto na kulia limeinuka, katikati limezama, na chini kabisa kuna mistari miwili iliyotengwa peke yake. Elementi, yaani vitu vya msingi vinavyounda vitu vingine vyote, ni 118. Mtu angeweza kuzipanga katika mstatili safi akamaliza kazi. Kwa nini haikufanyika hivyo?

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania tuna nafasi nzuri ya kulijibu swali hili, kwa sababu sehemu muhimu za jedwali ziko chini ya ardhi yetu, kutoka Ludewa hadi bonde la Rukwa.

Tuanze na mpangilio wenyewe. Kila elementi inatambulika kwa idadi ya protoni, chembe ndogo zilizo ndani ya kiini cha atomu yake. Heliamu ina 2, chuma 26, dhahabu inayochimbwa Chunya 79. Ukiongeza protoni moja umepata elementi nyingine kabisa, na nusu ya protoni haipo, kwa hiyo kati ya namba 26 na 27 hakuna kitu kilichojificha. Jedwali husomwa kwa namba hizo, kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari.

Mrusi Dmitri Mendeleev, aliyechapisha jedwali lake mwaka 1869, hakujua habari za protoni. Elementi zilizojulikana wakati huo zilikuwa 63, naye alizipanga kwa uzito wa atomu huku akichunguza tabia zake. Uzito ulipogombana na tabia, alifuata tabia. Iodini, ile inayotiwa kwenye chumvi ili kuzuia rovu, ni nyepesi kidogo kuliko teluriamu, lakini Mendeleev aliiweka baada ya teluriamu kwa sababu inafanana na klorini na bromini. Mwaka 1913 Mwingereza Henry Moseley alipima elementi kwa miale ya eksirei, na vipimo vyake vikaonyesha kwamba namba halisi ya iodini ni 53 na ya teluriamu ni 52. Mendeleev alikuwa sahihi. Kwangu mimi huo ni ushujaa wa kisayansi: kuamini kile kitu kinachofanya kuliko kile mizani inachosema.

Sasa, kwa nini mistari ikatike? Kiini huzungukwa na chembe nyingine ndogo ziitwazo elektroni, nazo hukaa kwa tabaka. Elektroni za tabaka la nje ndizo zinazokutana na atomu nyingine, kwa hiyo ndizo zinazoamua tabia ya elementi. Tabaka la kwanza huchukua elektroni mbili tu. Likijaa, elektroni inayofuata huanza tabaka jipya, na jedwali huanza mstari mpya. Ni kama kalenda ya ukutani: tarehe zinaendelea mbele, lakini kila ukishuka mstari unairudia siku ileile. Sodiamu ya chumvi ni namba 11, potasiamu iliyomo kwenye mbolea ya viazi ni 19. Tofauti ni 8, na zote mbili zina elektroni moja tu nje. Ndiyo maana metali hizi zote huchemka kwa fujo zikitiwa majini.

Ila juma la jedwali hili hurefuka kadiri unavyoshuka. Mistari saba ina elementi 2, 8, 8, 18, 18, 32 na 32. Jumlisha, utapata 118.

Hapo ndipo pembe mbili zinapopata maelezo. Mstari wa kwanza una hidrojeni na heliamu tu, moja kila upande, kwa sababu tabaka limeshajaa. Heliamu, gesi ambayo mwaka 2016 watafiti walitangaza kuigundua bonde la Rukwa, imewekwa mwisho kulia kwa kuwa haina nafasi ya elektroni nyingine wala haja ya kutoa zake. Haiungui, haishikamani na kitu. Huzaliwa miambani, atomu za urani na thoriamu zinapovunjika polepole kwa mamilioni ya miaka, kisha hupenya na kupanda juu bila kunaswa na kemikali yoyote njiani.

Katikati palipozama panajazwa kuanzia mstari wa nne. Baada ya namba 20, elektroni huacha kwa muda tabaka la nje na kurudi kujaza nafasi kumi zilizobaki ndani. Hizo ndizo namba 21 hadi 30, skandiamu mpaka zinki. Mlima Liganga, wilayani Ludewa, una tatu kati yake katika mwamba mmoja: titaniamu 22, vanadiamu 23 na chuma 26. Kimondo cha Mbozi pia kimeundwa na elementi za sehemu hiyo ya jedwali, maana karibu chote ni chuma, na kilichobaki kwa wingi ni nikeli, namba 28.

Chukua vanadiamu ya Liganga, uongeze 18, ambao ni urefu wa mstari. Utafika 41, niobiamu, iliyoko Panda Hill, magharibi ya jiji la Mbeya. Milima hiyo miwili iko mbali sana, lakini kwenye jedwali niobiamu iko moja kwa moja chini ya vanadiamu. Zote zina elektroni tano za kutumia, na zikiungana na oksijeni kikamilifu, atomu mbili hushika oksijeni tano. Zote pia huimarisha chuma cha pua na vyuma vya ujenzi. Niobiamu, mara nyingi chini ya kilo moja kwa tani nzima, hubadilisha kabisa uimara wa bomba au daraja.

Endelea kushuka. Safari hii unaongeza 32, unafika 73, tantalamu. Kwa nini hatua imerefuka? Kwa sababu katikati zimeingia elementi za 57 hadi 71, zile zilizochorwa chini ya jedwali kwa kukosa upana wa karatasi. Ndizo zinazopatikana Ngualla, mkoani Songwe, zikiwemo neodimiamu 60 na praseodimiamu 59, zinazotengenezewa sumaku kali za injini za magari ya umeme na mitambo ya upepo. Elektroni zinazozitofautisha zimefichika ndani sana, huku za nje zikibaki karibu zilezile. Kuzichimba si tatizo kubwa kama kuzitenganisha, kwa kuwa kikemia zinafanana mno.

Elektroni hizo za ndani hazikingi vizuri mvuto wa kiini. Kila protoni inapoongezeka, atomu inabanwa kidogo. Ukifika tantalamu, atomu iliyotarajiwa kuwa kubwa kuliko niobiamu imebanwa mpaka zinakaribia kulingana. Ndiyo maana Charles Hatchett alipoigundua niobiamu mwaka 1801, na Anders Ekeberg akagundua tantalamu mwaka uliofuata, wataalamu walibishana kwa miongo kama ni kitu kimoja au viwili, mpaka Heinrich Rose alipozitenganisha mwaka 1844.

Chini ya tantalamu, ongeza 32 nyingine: 105, dubniamu. Hiyo haipo katika mlima wowote duniani. Hutengenezwa maabara, atomu chache kwa wakati, na hata aina yake inayodumu zaidi hupungua kwa nusu katika muda wa kama siku moja.