Sari ya Jamdani: Ufumaji, Uvaaji na Utunzaji Wake

Anayetuletea sari makumbushoni ili tumwambie kama ni jamdani ya mkono huikunjua kwa fahari na kutuonyesha upande wa mbele, nasi humwomba kwanza aigeuze. Katika jamdani ya mkono ua hukaribia kufanana pande zote mbili, kwa kuwa uzi uliolifanya hugeuka na kurudi ndani ya ua lilelile, bila kuvuka kwenda kwa ua la jirani. Katika ile ya mashine uzi hupita nyuma ya kitambaa kutoka ua hadi ua, kisha hukatwa, na ukipitisha kiganja utahisi ncha zake zikikukwaruza.

Tofauti hiyo imetokana na kazi yenyewe. Jamdani ni nguo ya pamba ya Bengal, na kitovu chake leo ni vijiji vya wilaya ya Narayanganj, kandokando ya mto Shitalakshya, si mbali na Dhaka, Bangladesh. Ukaribu wa mto una faida yake, kwa sababu hewa yenye unyevu huufanya uzi mwembamba usikatike ovyo. Wafumaji wawili huketi bega kwa bega, miguu yao ikiwa shimoni chini ya kitanda cha mfumi. Kulia huketi fundi, ambaye wao humwita ustad, neno lisilomtatiza Mswahili, na kushoto mwanagenzi wake. Mtande, yaani nyuzi za urefu wa nguo, ukiwa umetandwa, mshindio wa kawaida, yaani uzi wa kukingama, hupitishwa upande hadi upande. Kabla ya kupitishwa mwingine, kila mmoja hushika kijiti chenye ncha na kupenyeza uzi wa ziada, mnene kidogo kuliko ule wa nguo, chini ya nyuzi chache za mtande pale tu panapotakiwa ua. Mara nyingi hakuna mchoro wowote mbele yao. Fundi ameuweka kichwani, na humtajia mwanagenzi hesabu ya nyuzi kwa sauti, kama mwalimu asomaye imla. Sari yenye maua machache huchukua wiki kadhaa, na iliyojaa maua huchukua miezi, ndiyo maana mimi huiona bei yake, inayowashtua wengi, kuwa bado ni ndogo. Mwaka 2013 UNESCO iliuingiza ufumaji huu katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na mwaka 2016 Bangladesh ikaisajili jamdani kwa jina la asili yake ya kijiografia.

Aliyezoea kanga hataiona sari kuwa ngeni. Ina pindo mbili za urefu wote, ina mji, ambao maua yake huitwa butidar yakiwa madogo ya kutawanyika na tercha yakipangwa kwa mshazari, na ina ncha moja iliyorembwa kupita kwingine, iitwayo anchal. Jina tu ndilo haina. Urefu wake ni kama mita 5.5, na wepesi wake huonyesha kilicho chini, hivyo gaguro liwe la pamba na la rangi inayokaribiana na sari. La satini huteleza na kuvuta marinda chini. Sari huchomekwa kiunoni, huzungushwa mara moja, hukunjwa marinda mbele, kisha anchal hupitishwa kifuani hadi bega la kushoto. Pini ya begani ipite penye kitambaa kitupu, kwani ikitoboa ua huuvuta uzi ambao haukushikwa na kitu kingine ila mtande. Blauzi yenye marembo mengi, kwa maoni yangu, hugombana na sari.

Jamdani hutoka kwa fundi ikiwa na wanga wa mchele, unaozishika nyuzi za maua mahali pake. Ukiifua, wanga hutoka na kitambaa hulegea. Jaribu kwanza rangi kwa kitambaa cheupe kilicholowana pembeni mwa pindo, ifue peke yake kwa maji baridi na sabuni laini, usiikamue, na uianike kivulini ikiwa imelazwa. Itie wanga mwepesi unapokaribia kuivaa, si unapoiweka, maana wanga kabatini ni karamu ya mende, na katika joto la pwani huleta koga. Yenye nyuzi za zari isipuliziwe marashi ikiwa mwilini; jipulizie mapema, yakauke, ndipo uivae.

Niliwahi kufungua sari iliyokaa sandukuni miaka mingi katika mikunjo ileile. Ilipasuka mstari mmoja ulionyooka, kama karatasi, ilhali maua yaliyokuwa upana wa kidole kutoka kwenye mkunjo yalikuwa kama ya jana. Kila baada ya miezi mitatu ifungue, ipate hewa, uikunje kwa mistari mipya. Iliyochakaa sana usiikunje kabisa, bali izungushe juu ya bomba la karatasi ngumu lililofunikwa shuka jeupe la pamba lililokwisha kufuliwa.