Majani ya Utotoni: Kupanda Mkaratusi Mombasa kwa Ajili ya Majani Yake

Ukiukata mkaratusi ukabaki kisiki, majani yatakayochipuka hayatafanana na yale uliyoyaangusha. Mengi huwa mapana, laini, na katika aina nyingi hukaa mawili mawili yakitazamana. Hayo ni majani ya utotoni. Mti ukishakua hutoa majani membamba yaliyopinda kama mundu, yanayoning'inia wima ili jua la adhuhuri lipige ukingo tu na maji yasipotee ovyo. Ndiyo maana kivuli cha mkaratusi ni chepesi. Anayetaka kivuli cha baraza na apande mwarobaini au mkungu. Inua jani ulitazame dhidi ya mwanga: vitone vinavyong'aa ndani yake ni vifuko vya mafuta.

Majani ya mviringo yenye rangi ya fedha yanayotiwa kwenye mashada ya maua ni ya Eucalyptus cinerea, pulverulenta au gunnii, miti ya maeneo ya baridi ya kusini-mashariki mwa Australia. Rangi ile ni unga wa nta, na ukiusugua kwa kidole kijani hutokea. Usipoteze pesa kununua mbegu zake. Joto la Mombasa na unyevu wake huzidhoofisha. Mikaratusi ililetwa Kenya mwaka 1902 kwa ajili ya kuni za garimoshi, na aina nyingi zilizoshamiri ni za bara.

Kwa Pwani tunapendekeza Corymbia citriodora, mkaratusi unaonukia kama mchaichai. Majani yake machanga yana vinyweleo vya kukwaruza, na kikonyo hushika ndani ya ubapa wa jani badala ya ukingoni, jambo lisiloonekana katika miti mingi. Ufuatao kwa ubora ni Eucalyptus camaldulensis, unaovumilia ukame na chumvi kiasi.

Sia mbegu mwezi Desemba au Januari ili miche iwe tayari masika yakianza. Changanya mbegu na mchanga mkavu, nyunyiza juu ya udongo laini, kisha zifunike kwa mchanga usiozidi milimita 3. Mwagilia kwa ukungu wa maji. Maji yakizidi, shingo ya mche huoza na kitalu kizima huanguka kwa siku mbili. Miche ikipata jozi mbili za majani ya kweli, ihamishie kwenye viriba. Isikae humo ikapitiliza sentimita 30, kwani mizizi hujizungusha, na mti wa namna hiyo upepo wa kusi huung'oa ukiwa tayari mkubwa.

Udongo ndio mtihani mkubwa. Kisiwani, Nyali na Bamburi mwamba wa matumbawe uko karibu, na chokaa yake huzuia mizizi kupata chuma. Majani machanga yakiwa ya manjano huku mishipa ikibaki kijani, hiyo ndiyo dalili. Mbolea ya naitrojeni haiponyi hali hiyo. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, toa vipande vya mwamba, rudisha udongo wa juu uliochanganywa na karai mbili za samadi iliyooza vizuri. Mwamba ukikuzuia kabla ya kina hicho, panda mvinje.

Panda mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na mbali na nyumba na nyaya za umeme, kwa kuwa camaldulensis huangusha matawi makubwa bila onyo. Mchwa hula mizizi ya miche michanga, basi usifunike shina kwa majani makavu mwaka wa kwanza. Uvimbe wa kijani au waridi kwenye vikonyo ni kazi ya nyigu mdogo, Leptocybe invasa, aliyeonekana Kenya mwaka 2002. Kata vitawi hivyo na uvichome moto mara moja. Dawa ya kupuliza haimfikii kwa urahisi akiwa ndani.

Ili majani yabaki ya utotoni, subiri shina lifikie unene wa kifundo cha mkono, kisha mvua zikianza likate kwa msumeno mkali mita moja kutoka ardhini, mkato ukiwa wa mshazari ili maji yasituame. Baada ya wiki kadhaa acha machipukizi manne au matano yenye nguvu, mengine yang'oe. Rudia kila mwaka. Ukivuna kwa ajili ya chombo cha maua, vuna alfajiri, na uache ncha laini kabisa, kwani hunyauka kabla ya kufika mezani.