Mbona Idadi ya Wakimbizi wa Ndani Hubadilika Kila Taarifa?

Swali hili sisi tunaofuatilia hali za kambi tunaulizwa sana kuhusu Kivu Kaskazini, jimbo la mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wiki hii kambi ina watu kadhaa, wiki ijayo wamepungua, ilhali vita vimezidi. Wapo wanaodhani ni ujanja wa kuombea misaada. Ujanja haukosekani, lakini sababu kubwa ni nyingine.

Tuangalie kambi zilizokuwa zimeuzunguka mji wa Goma. Waasi wa M23 walipoteka Rutshuru na Kiwanja Oktoba 2022, watu walimiminika Kanyaruchinya, kaskazini mwa mji. Mapigano yalipofika Sake Februari 2024, wengine wakajaa Bulengo na Lushagala, upande wa magharibi. Hawakutulia humo. Kukipoa siku mbili, baba hurudi kuchungulia shamba, mama akabaki na watoto kulinda hema na jetoni, yaani kibali cha kupokea mgao. Mabomu yakilia tena, baba anarudi na jamaa wengine. Anayehesabu saa nne asubuhi na anayehesabu jioni hawawezi kupata jibu moja.

Ndiyo maana hatutegemei hesabu ya mara moja. Mfumo wa Shirika la Kimataifa la Uhamiaji wa kufuatilia watu waliohama makwao, ulioanza Iraq mwaka 2004, hukusanya makadirio kwa watu wanaoijua kambi: wenyeviti wa vitalu vya kambi, wauguzi, viongozi wa wanawake. Majibu yao hulinganishwa, kisha mtu huenda kujionea. Kuandikisha kaya moja moja ni kazi nyingine, ya polepole na yenye gharama.

Tena, kwangu mimi, idadi si hata swali la kwanza. La kwanza ni vyoo. Viwango vya Sphere, vinavyofuatwa kimataifa katika misaada ya kibinadamu, vinataka choo kimoja kisizidi watu 20, na kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku. Goma imekaa juu ya mawe ya lava ya volkano ya Nyiragongo. Kuchimba shimo ni kazi ya nyundo na patasi, kwa hiyo vyoo vingi hujengwa juu ya ardhi na hujaa upesi. Anayeandika "vyoo vipo" bila kufungua mlango hajafanya kazi. Kimejaa? Kina komeo kwa ndani? Usiku pana mwanga? Kipindupindu hakisomi fomu.

Kuhusu usalama, ukiuliza mkutanoni utajibiwa kwamba hali ni shwari. Wanawake waulizwe peke yao, na mwanamke mwenzao, wanaokota kuni wapi. Hapo ndipo habari za kubakwa njiani hutokea.

Majina ya wanaotueleza hayo hatuyatangazi. Orodha yenye jina la mtu na kijiji chake, ikiangukia wenye bunduki, ni hatari tupu. Mtu akija kukuandikisha, muulize ametumwa na nani na maelezo yako yanakwenda wapi. Kuandikishwa hakulipiwi, anayedai pesa au chochote kingine, mripoti.

Mwishoni mwa Januari 2025 M23 iliuteka Goma, na Februari wakimbizi wakaamriwa kuondoka ndani ya saa 72. Kambi zilibomolewa kwa siku chache. Waliorejea, baadhi walikuta nyumba zimeharibiwa. Wengine waliingia kwa ndugu. Kambi tupu, basi, isisomwe kuwa watu wamefika kwao. Ufuatiliaji unapaswa kuwaandama hadi vijijini na kwenye nyumba za wenyeji, ambako ndiko wengi wa waliokimbia vita Kongo wamekuwa wakiishi siku zote.