Je, wajua kwa nini rezista ya omu 10 huungua ilhali muziki unapiga vizuri?

Fungua amplifaya ya wati 100 iliyoletwa kwa fundi. Karibu na waya za spika huenda ukakuta rezista moja, kile kijisehemu kinachobana mkondo wa umeme, imekuwa mkaa, na bodi chini yake imebabuka. Mwenye mali anaapa kwamba muziki ulikuwa safi mpaka dakika ya mwisho. Mwamini.

Rezista hiyo imeungwa mfululizo na kapasita ya nanofaradi 100, kijisehemu kinachozuia masafa ya chini na kupitisha ya juu, kutoka njia ya spika hadi ardhi ya saketi. Mafundi huuita mpangilio huo Zobel, kwa jina la mhandisi wa Marekani, Otto Zobel. Kazi yake ni kuituliza amplifaya isianze kutetema yenyewe, yaani kutoa mawimbi ya umeme bila kuletewa muziki, kwenye masafa ya juu.

Joto la rezista ni mkondo mara mkondo mara omu. Wati 100 kwenye spika ya omu 8 ni kama volti 28. Kwenye mlio wa kilohezi 1, kapasita huzuia karibu mkondo wote, kwa hiyo rezista hupata miliwati 3 tu. Hapo hata ya robo wati imezidi. Panda hadi kilohezi 20 kwa nguvu ileile, inafika wati 1.2. Sasa amplifaya ikianza kutetema kwa kilohezi 500, tuseme kwa volti 20, sikio halisikii kitu, lakini rezista inabeba wati 36!

Ndiyo maana mimi huweka ya wati 2 au 3. Rangi zake, kahawia, nyeusi, nyeusi, zinataja omu tu. Wati utazijua kwa ukubwa wa umbo. Tena wati hizo kwa kawaida hupimwa kwenye hewa isiyozidi nyuzi 70, na ndani ya boksi lililofungwa joto hupanda haraka. Usiweke ile nyeupe ya waya uliozungushwa, kwani waya huo ni koili, nayo koili huzuia masafa yaleyale tunayotaka yapite. Ile nyeupe ya wati 5 mahali pake ni kwenye transista za mwisho, zile zinazosukuma spika, penye omu 0.22, ambako muziki wenyewe ndio unaoleta joto.

Ukishabadilisha, washa bila muziki kwa dakika moja, zima, chomoa umeme, kisha sogeza kidole karibu na rezista. Ukihisi joto, mtetemo bado upo, na hata ukiweka ya wati 10 hujatibu ugonjwa.