Simu ya mama wa njiti, kabla ya kuruhusiwa

Mama wa njiti, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, akiambiwa "kesho mnaruhusiwa," kwanza anacheka. Halafu ananivuta pembeni: "Sista, na akibadilika usiku?" Wodini ana mashine na ana sisi. Nyumbani ana simu.

Nilianza vibaya. Nilirekodi video ya dakika 12, nikawatumia akina mama kwa WhatsApp, nikajiona fundi. Baada ya wiki nikamwuliza mmoja ameionaje. "Sista, bando." Hakuwahi kuifungua.

Siku hizi simtumii mtu kitu. Tunamrekodi mama mwenyewe, kwa simu yake: anakamua maziwa, anamnywesha mwanawe kwa kikombe, anamfunga kifuani ngozi kwa ngozi. Huko kumfunga kifuani ndiyo njia ya kangaruu, iliyoanzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, mashine za kuwatunzia njiti joto zilipokuwa haziwatoshi. Vipande vya dakika moja moja, havili bando. Tena mtazamaji ninayemlenga hasa ni bibi. Nyumbani yeye ndiye mwenye kauli kuhusu kitovu na maji ya kunywesha. Nikisema mimi kitovu hakipakwi samli wala majivu, hayo ni maneno ya sista. Akimwona mkwewe anavyofanya, na mjukuu anaongezeka, anaomba simu aangalie tena.

Mwenye kitochi, simu ndogo isiyorekodi video, naye hatoki mikono mitupu, maana kitochi kina saa. Mtoto akiwa ametulia, tunahesabu pumzi kwa dakika nzima, macho tumboni. Juzi mama mmoja alipata 88, mikono ikaanza kumtetemeka. Nikamwambia ahesabu kwa sauti: kumbe alihesabu tumbo likipanda, akahesabu na likishuka. Tukarudia: 44. Zikifika 60 anahesabu upya, kwa kuwa pumzi za mtoto mchanga haziendi sawasawa. Zikifika tena, safari ya hospitali ni usiku uleule. Aliyeacha kunyonya, aliyelegea, mwenye degedege, anayebonyea chini ya mbavu akivuta pumzi, mwenye mwili wa moto au wa baridi: huyo hakuna kuhesabu, analetwa.

La mwisho ni namba ya wodi. Kuiandika hakutoshi, apige palepale, simu iite mezani, mwenzangu apokee. Mwezi huu wawili walikuwa wamekosea tarakimu.