Kinasi: zinavyoamua lini seli ya chachu igawanyike

Kinasi ni kimeng'enya kinachotoa fosfeti kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuibandika kwenye protini nyingine. Fosfeti, kikundi cha atomi za fosforasi na oksijeni, ni ndogo lakini ina chaji ya umeme, kwa hiyo protini iliyobandikwa hubadilika: iliyokuwa imelala huamka, au iliyokuwa kazini husimama. Kimeng'enya cha kuibandua kinaitwa fosfatasi. Seli inapotaka kujigawa, mambo yote yanategemea nani amebandika na nani amebandua.

Hili lilieleweka vizuri zaidi kwenye chachu ya Schizosaccharomyces pombe, iliyoelezwa mwaka 1893 na Mjerumani Paul Lindner baada ya kupatikana kwenye pombe ya Afrika Mashariki, ndiyo maana ikapewa jina hilo. Seli yake ni kijiti kisichonenepa. Hurefuka tu kwa ncha, na ikifika kama mikromita 14 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) hujikata katikati. Pima urefu wa seli inayojigawa, utajua kama imewahi au imechelewa.

Miaka ya 1970, huko Edinburgh, Uskoti, mtafiti Paul Nurse alikuta chachu zinazojigawa zikiwa na karibu nusu ya urefu wa kawaida. Jeni yao iliyoharibika akaiita wee1. Mantiki yake naiona nzuri mno: kitu kikiharibika halafu kazi ikaenda upesi zaidi, basi kitu hicho kilikuwa breki.

Baadaye ikajulikana kwamba Wee1 ni kinasi, na inachokizuia ni kinasi mwenzake, Cdc2, ambayo ndiyo inayoanzisha mgawanyiko wenyewe. Cdc2 haifanyi kazi peke yake. Lazima ishikane na protini ya aina ya saiklini iitwayo Cdc13, inayoongezeka kadiri seli inavyojiandaa. Lakini hata zikishikana, Wee1 hubandika fosfeti kwenye asidi amino (kipande kimoja cha mnyororo wa protini) moja tu ya Cdc2, tairosini iliyo nafasi ya 15, na Cdc2 hutulia. Katika protini yenye asidi amino karibu 300, hiyo moja ndiyo inayoshikilia uamuzi.

Anayeibandua fosfeti hiyo ni fosfatasi Cdc25. Kuna chachu ambazo Cdc25 yao huharibika zikiwekwa kwenye nyuzi joto 36: huendelea kurefuka na kurefuka bila kujigawa. Kwenye seli isiyo na kasoro, Cdc2 chache zikishafunguliwa huiongezea nguvu Cdc25 na kuidhoofisha Wee1, hivyo nyingine nazo hufunguliwa kwa mkupuo. Ndiyo sababu seli haiingii kwenye mgawanyiko nusunusu. Na DNA ikiwa imekatika, kinasi Chk1 huizuia Cdc25, seli ingoje mpaka marekebisho yaishe.

Mwaka 1987 mtafiti Melanie Lee na Nurse waliingiza jeni za binadamu kwenye chachu ambazo cdc2 yao ilikuwa mbovu. Jeni moja ilizifanya zijigawe tena: ilikuwa cdc2 yetu sisi. Nurse alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2001 pamoja na Leland Hartwell na Tim Hunt. Leo watafiti wanajaribu dawa zinazoizuia Wee1 kwa wagonjwa wa saratani, ili seli za uvimbe zenye DNA iliyoharibika ziingie kwenye mgawanyiko kabla hazijajitengeneza, na zife.